Mkeka Uliorudi kutoka Guangzhou

Niliupiga picha mkeka ule asubuhi, mama mukubwa akiwa shambani anapalilia mihogo. Sikuwa nimemwomba ruhusa. Nilijua kabisa kwamba ningemwomba angekataa, ndiyo maana nilisubiri atoke.

Mama mukubwa ni dada wa mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Tulivuka ziwa Mweru pamoja mwaka 2017, tukitoka upande wa Kongo kwa boti iliyojaa watu na magodoro, tukafikia kituo cha wakimbizi cha Kenani upande wa Zambia, na mwaka uliofuata tukapelekwa kambi ya Mantapala, tukapewa kiwanja na shamba. Mume wake hakuvuka. Kabla ya kulifikia ziwa tulitembea porini siku nne, na siku ya tatu baba mukubwa alikaa kando ya kichuguu, akasema apumzike kidogo, na hakuinuka tena. Tulimfunika kwa majani na udongo tuliouchota kwa sahani. Kwetu mtu halali ardhini bila mkeka. Yeye alilala hivyo hivyo, maana mkeka wetu ulikuwa umebaki njiani tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeubeba, na mimi ndiye niliyeutupa ili mzigo upungue.

Mama mukubwa ni fundi wa mikeka tangu usichana wake. Mantapala hakukawia kuona mahali ukindu unapoota kando ya maji, akaanza kuuchana, kuuanika na kuupika rangi: nyeusi kwa matope ya bwawani, nyekundu kwa magome. Alisuka mikeka ya kuuza, mimi nikaipeleka sokoni. Lakini wa kwanza aliousuka pale haukuwa wa kuuza. Ulimchukua masika mazima. Ulikuwa na mstari mmoja mweusi unaopanda na kushuka kutoka pembe mpaka pembe, kama mtu anayetembea kwenye vilima. Karibu na mwisho mstari ule unakatika. Panabaki nafasi nyeupe ya upana wa vidole vitatu, halafu unaendelea, lakini sasa ni mwekundu.

"Hii ni ya baba yenu," aliniambia alipoumaliza. "Siku tutarudia kule, tutamutandikia."

Aliukunja, akaufunga ndani ya kitambaa, akauweka juu ya dari ya miti. Hatukuuzungumzia tena.

Baadaye mimi nilipata kibali cha kutoka kambini, nikapanga chumba Nchelenge, mji ulio kando ya ziwa, nikapata meza sokoni, kwenye barabara inayoshuka kwenda majini. Ninauza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani. Ukikaa pale miaka michache unaijua miji mikubwa ya dunia bila kuikanyaga. Mwanamke anapita na nywele zinazoitwa za Brazil, na kila mtu anajua zimetoka Guangzhou, Uchina. Wavuvi wanavaa jezi za timu za London ambazo rangi yake imeliwa na jua. Manukato ni ya Dubai. Wimbo wa Kinshasa hatuuchezi kwenye harusi mpaka vijana wathibitishe kwamba Paris nako unachezwa. Sikuona ubaya wowote katika hayo. Nilichoona ni kwamba kila kitu kilikuwa kinashuka kuja kwetu, na hakuna kilichokuwa kinapanda kutoka kwetu.

Na hilo ndilo lililoniuma siku mwanamke mmoja mfanyabiashara, yaya, alipolisema. Namwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu amenizidi umri. Alizaliwa Lubumbashi, anaishi Lusaka, na kila baada ya miezi michache hupanda ndege kwenda Guangzhou kununua bidhaa. Alikuja Nchelenge kuona wenye maduka wanaouza vitu vyake, akaketi kwenye kiti changu cha plastiki kungoja joto lipungue. Akanionyesha kwenye simu soko la kule, ghorofa juu ya ghorofa, vyumba vya vitambaa visivyo na mwisho, na ndani yake watu wa Lagos, wa Nairobi, wa Bamako, wa Kinshasa.

"Kule kila mutu anakuya na modeli ya kwabo," alisema. "Batu ya Mali banaleta ya Mali. Ba Ghana banaleta ya Ghana. Muchina anaangalia, anaweka mu mashini, inatoka. Sasa sisi ba huku ku ziwa, tunaleta nini? Tunanunua tu. Hatuna hata kintu moja ya kwetu."

"Tuko nacho," nilisema.

"Nini?"

Nikamwambia nitamtumia picha. Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda Mantapala, nikalala kwa mama mukubwa, na asubuhi alipobeba jembe nikamwambia tumbo linanisumbua kidogo, atangulie. Nikateremsha mkeka, nikaufungua uani penye mwanga. Nilipiga picha sita. Nilipanda hata juu ya kinu ili uonekane wote. Kisha nikaukunja, nikaufunga kwa kitambaa kile kile, na fundo nililifunga kama yeye anavyolifunga.

Nikamtumia yaya, naye akajibu siku hiyo hiyo. *Ii, ndugu. Hii ni nzuri kabisa. Nani alisuka?*

Nilikaa na simu mkononi. Ningeweza kuandika kwamba ni mama yangu mkubwa. Ningeweza kuandika kwamba mkeka huo si wa soko. Niliandika: *Ni mimi.*

Hakuniahidi malipo na mimi sikudai. Watu wengi wakiisikia habari hii wanadhani nilitafuta faida, na mara nyingine natamani ingekuwa hivyo, maana mtu mwenye njaa husamehewa. Mimi nilitaka tu mtu mmoja katika mji ule mkubwa aangalie kitu kutoka kwetu na kusema ni kizuri. Nilitaka pia asikie kwamba ni mimi niliyekifanya.

Alinitumia video mara moja tu. Mwanamume amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, na kwenye kioo ule mstari mweusi unapanda na kushuka. Mwanamume anauvuta, anaukata, anaugeuza. Sauti ya yaya inasema kwa Kiswahili, "Unaona, ndugu? Kazi yako iko Guangzhou." Niliiangalia video ile mara nyingi kiasi kwamba jirani yangu wa meza aliniuliza kama nimepata mchumba. Yaya alipokuja tena aliniletea nywele za kuvaa, ndefu, laini. Nikazivaa kwenda kanisani Mantapala. Mama mukubwa alizishika akacheka, akasema, "Sasa unafanana bibi ya Lubumbashi." Nikacheka naye.

Ikapita mvua, ikapita baridi. Siku moja lori lilishusha mzigo sokoni, mikeka ya plastiki iliyokunjwa na kufungwa kamba. Mama mmoja Mbemba anayeuza mabeseni, meza ya tatu kutoka kwangu, akaanza kuitandika mmoja mmoja barabarani. Kulikuwa na ya buluu, ya kijani, ya waridi. Nikaona mstari.

Sitasema uongo hapa, nimeshasema wa kutosha. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Moyo wangu uliruka. Nikasimama, nikatembea mpaka pale, nikachuchumaa. Ndipo nikaangalia vizuri. Yule mwanamume wa kompyuta alikuwa amechukua kipande kizuri zaidi machoni pake, pale mstari unapokatika na kubadilika rangi, akakirudia. Mstari ulipanda, ukashuka, ukakatika, ukapanda, ukashuka, ukakatika. Nilianza kuhesabu mikato nikaacha. Kwenye kila mkeka baba mukubwa alikuwa anakufa kila baada ya shubiri moja.

"Inaitwa meno ya mamba," yule mama aliniambia kwa Kibemba. Wanawake wa soko huvipa majina vitambaa na vyombo vyote vinavyoingia. "Mizuri, haiogopi maji. Chukua mmoja."

Nilirudi kwenye samaki wangu.

Kwa miezi miwili nilifanya kila njia mama mukubwa asije Nchelenge. Nilimwambia gari ni ghali, nilimwambia kuna kipindupindu. Nilimpelekea mwenyewe sabuni na chumvi. Sikufikiri kwamba kitu kilichotoka Guangzhou mpaka Nchelenge kisingeshindwa na njia ndogo ya kwenda Mantapala. Wachuuzi wa baiskeli waliipeleka. Siku moja akanipigia kwa simu ya jirani, akasema neno moja tu: "Kuya."

Nilimkuta uani. Alikuwa ameutandika mkeka wake, na kando yake ule wa plastiki, wa buluu, aliouazima kwa jirani. Juu ya ule wa plastiki kulikuwa na punje za ubwali, yaani ugali, zilizokauka, maana watoto wa jirani walikuwa wanakula juu yake.

"Angalia," alisema.

Niliangalia.

"Hii modeli nilifanya mimi, mu kichwa yangu. Haiko ya bibi, haiko ya mama. Haiko ya mutu. Na mukeka haikutoka mu hii nyumba hata siku moja. Sasa niambie, nani aliingia?"

"Sijui, mama mukubwa."

Alitembea kuizunguka mikeka ile miwili. Alikuwa hajakasirika bado. Alikuwa anafikiri, kama mtu anayetafuta uzi uliopotea kwenye kazi yake.

"Ni ule binti," alisema mwishowe. "Ule wa kupima pressioni. Siku mvua ilibomoa ukuta, aliingia na telefoni, akapiga mafoto mu nyumba. Alisema ni ya rapport, ya ripoti ya ukuta. Njo yeye, ni yeye tu."

Binti huyo namjua. Ni Mzambia, wakati ule alikuwa akizunguka kambini kuwatembelea wazee, kuwapima shinikizo la damu na kuwaletea vidonge. Alikuwa amejifunza Kiswahili chetu kwa mama mukubwa mwenyewe, wakichambua maharage pamoja. Picha alizopiga zilikuwa za ukuta.

Ilinitosha kufungua mdomo. Mama mukubwa alikuwa amenigeuzia uso, anangoja nikubali au nikatae. Nilitazama chini nikasema, "Batu habaaminike."

Hayo tu. Maneno mawili, na nikamtwika mtoto wa watu mzigo wangu.

Wiki iliyofuata binti alipokuja, mama mukubwa hakumfungulia. Aliongea naye kupitia mlango, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, akamwita mwizi wa wafu. Binti aliacha vidonge kizingitini. Mama mukubwa alivisukuma nje kwa fagio. Binti alirudi tena mara mbili, halafu akaacha kuja, akapangiwa upande mwingine wa kambi. Haya yote nilihadithiwa na jirani, na kila aliponihadithia nilisema "kumbe" na "pole", kama vile habari inawahusu watu wa mbali.

Vidonge vya mama mukubwa viliisha. Kwa kuwa hakutaka kumwona mtu yeyote wa dawa, hakuna aliyejua. Asubuhi moja alianguka kwenye pampu ya maji, ndoo ikamwagika juu yake. Wakamkimbiza zahanati ya kambi. Nilipofika alikuwa amelazwa, mdomo umekauka, mkono wa kushoto mzito. Muuguzi alisema ana bahati, mkono utarudi, lakini ni mkono wa kusukia na ungechukua muda. Akauliza kwa nini hakuwa anameza dawa.

Mama mukubwa akajibu kwa sauti ndogo, "Ule alikuwa ananiletea, aliniibia."

Muuguzi akanitazama mimi, akitaka nieleze. Nikasubiri aende kitanda kingine. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikasema, "Mama mukubwa, haiko yeye. Ni mimi."

Nilimweleza yote, kinu, fundo la kitambaa, video. Nilimtajia hata nywele nilizoletewa. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

"Ule mama wa Lusaka," alisema, "alikuuliza mukeka ni ya nani?"

"Aliuliza."

"Ulisema nini?"

"Nilisema ni yangu. Nilisema mimi njo nilisuka."

Akafumba macho. "Kupiga foto ni kintu moja," alisema. "Batu banapiga mafoto. Lakini ulisimama mbele ya batu, ukabeba kilio yangu, ukasema ni mapambo yako." Akavuta pumzi. "Na ule binti. Ulinisikia nasema ni yeye, ukaniacha."

Aliniambia nitoke nje, nami nikatoka, nikakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wenye watoto wa chanjo, mpaka waliponiita kwamba anataka simu yangu.

Alitaka kuongea na yaya. Niliweka sauti kubwa. Yaya alikuwa Lusaka, dukani. Tulisikia watu wakijadiliana bei nyuma yake. Mama mukubwa alijitambulisha kwa heshima zote, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamwambia ule mkeka ulikuwa wa nani na ule mkato ni nini. Upande wa pili kelele za duka zikapungua. Nadhani alikuwa ametoka nje.

"Mama, sikujua," yaya alisema. "Nakuapia, ningejua singechukua."

"Najua hukujua. Nakuomba tu ubaambie Bachina bairudishe hiyo modeli."

"Mama…" Akasita. "Ile kampuni ya kwanza ilifanya kidogo tu. Ingine ikaona, ikakopia. Ingine tena. Saa hii nimeiona Dubai. Nimeiona Johannesburg, mu hoteli, banakalia ku maji ya kuogelea. Hapana mutu moja wa kumuambia aache. Hakuna mulango wa kugonga, mama."

Mama mukubwa alishukuru, akanirudishia simu. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba mji kama ule una mwenyewe, mtu aliyekaa juu anayeamua kipi kipendwe na dunia. Siku ile nilielewa kwamba hakuna. Kuna maelfu ya watu kama mimi, kila mmoja anampitishia mwenzake kitu bila kuuliza kimetoka kwenye kilio cha nani.

Binti wa vidonge nilimtafuta mwenyewe upande wa pili wa kambi. Nilimkuta anapima uzito wa watoto. Nilimwambia mbele ya wenzake, kwa sababu na yeye alikuwa ametukanwa mbele ya watu. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu. Aliniambia alikaribia kuacha kazi. Hakuniambia amenisamehe. Lakini kesho yake alienda kwa mama mukubwa, na niliporudi jioni niliwakuta wanachambua maharage, mama mukubwa kwa mkono mmoja.

Miezi mitatu baadaye mama mukubwa alihitaji kupimwa macho Nchelenge. Sikuwa na kisingizio tena. Tulitoka hospitali, na badala ya kwenda kituoni alisema anataka kuona meza yangu. Tukafika sokoni. Yule mama wa mabeseni alikuwa ameitandika mikeka yake kama kawaida, akamwita, "Mayo, mama, njooni muone, meno ya mamba, mizuri."

Mama mukubwa akasimama. Kibemba chake ni cha kuombea maji tu. Akanigeukia.

"Tafsiri," alisema.

Alisema sentensi moja, akangoja. Mimi nikaisema kwa Kibemba. Tulikuwa tunakimbia. Baba wa nyumba alichoka. Tulimzika bila mkeka. Watu walianza kusogea, wauza nyanya, wanaume wawili waliokuwa wanashona nyavu. Nilifika mahali pa mkato, nikaonyesha kwa kidole kwenye plastiki ya waridi, nikasema hapa ndipo alipobaki. Mama wa mabeseni aliweka mkono mdomoni.

Kisha mama mukubwa akasema, bila kuinua sauti, "Na huyu mutoto yangu, anaongea na nyinye sasa, njo aliiba modeli akaituma."

Akangoja.

Nilikuwa nimeuza samaki katikati ya watu wale kwa miaka. Waliniheshimu, wakiniachia watoto wao niwalinde. Nikaisema. Nilitafuta neno la Kibemba lililo laini kuliko *kuiba*, nikaliona liko karibu, na yeye ingawa hajui Kibemba alikuwa ananitazama mdomo. Nikasema *kuiba*.

Mama wa mabeseni alisema "pepani, mayo," yaani pole mama, mara mbili, akainama na kuanza kuikunja mikeka. Mama mukubwa akamzuia kwa ule mkono wake unaopona.

"Muambie auze. Ako na batoto. Ila mutu akiuliza jina, asiseme mamba. Aseme ni njia ya baba mukubwa."

Nikatafsiri. Mama wa mabeseni akalirudia jina mpaka akalishika.

Kesho yake aliitandika tena. Siku za mwanzo alisema kama alivyoambiwa, na wateja wengine waliuliza, naye akawaeleza alichokumbuka. Sasa mara nyingi anasahau. Mimi niko meza ya tatu, nasikia kila kitu. Anaposahau inanipasa kuinuka, niende, nimweleze mteja mimi mwenyewe, pamoja na ile sehemu inayonihusu. Siku nyingine ninafanya hivyo. Siku nyingine mteja ana haraka, au ni mtu anayeniheshimu, au jua ni kali na mimi nimechoka. Jana alikuja mwalimu mmoja na mke wake, wakachagua ule wa kijani, wakauliza jina lake. Wakaambiwa meno ya mamba, wakacheka. Nilikuwa napima chisense. Niliendelea kupima.